Penseli Tu, Tafadhali

Mlangoni naacha rehani kalamu ya wino,
mkoba, chupa ya maji na nusu ya chapati.
Bwana Kiprugut wa meza ya mbele ananikabidhi penseli
iliyotafunwa na msomaji nisiyemjua,
kisha sanduku, na ndani ya sanduku, daftari.

Elia Songoro, mwanafunzi, mwaka wa pili.
Chuo cha misheni, pwani, elfu moja mia nane themanini na tisa.
Wakati huo hapa nilipokaa palikuwa kinamasi,
maji baridi na ng'ombe waliokuja kuyanywa.
Hapakuwa na Nairobi ya kumnyima mtu mkopo wa masomo.

Mwandiko wake umelalia upande mmoja, nyasi baada ya mvua.
Saa kumi na moja, kengele. Saa kumi na mbili, sala.
Halafu hesabu, halafu useremala, halafu Kilatini,
na mshumaa mmoja kwa wiki; ukiisha umeisha.
Nacheka. Bwana Kiprugut ananitazama juu ya miwani.
Chumbani kwetu Ngara tunachangia tokeni watu watatu,
na juzi Mwikali alisomea mifupa ya mkono
kwenye ngazi za duka la dawa,
kwa kuwa pale taa hazizimwi.

Pembeni, chini ya pembetatu iliyochorwa kwa uangalifu,
kuna herufi ndogo, msafara wa siafu:

    Kengele imeshalia, macho hayafunguliki,
    Kunde zanisubiria, ngumu hazitafuniki,
    Yuklidi aniambia, mstari haupindiki,
    Nami nilikopitia, njia hazinyoosheki.

Nimehesabu mizani juu ya meza, kidole kwa kidole.
Nane, nane. Hakuna iliyopungua.
Mwalimu wake amekata ubeti mzima
na kuandika juu yake: Upuuzi. Rudia hesabu.
Wino ule ungali mwekundu.

Msimamizi wangu anataka hoja.
"Ushahidi unasema nini?" ananiuliza, akifunga zipu ya mkoba,
mguu mmoja tayari uko kwenye kikao kingine.
Unasema kunde zilikuwa ngumu.
Unasema tarehe nne Juni Feruzi alitoroka na shuka mbili,
Songoro akaulizwa, akajibu hakuona kitu,
akachapwa kwa kutoona.
Zaidi ya hapo sijui, daktari. Bado nasoma.

Ukurasa wa mwisho hauna somo.
Amepiga mstari katikati, kwa rula, sawasawa.
Kushoto Kiswahili, kulia lugha ya kwao,
kule alikotolewa akiwa na miaka sita.
Maji: mesi.
Moto: mooto.
Kisha maneno mengine yenye alama ya kuuliza mbele yake,
kisha maneno ya kushoto peke yake, yanasubiri:
kinu. Umande. Kaka mkubwa.
La mwisho ni "jina la mama".
Mkabala wake karatasi imekwaruzwa,
ameandika akafuta, ameandika akafuta,
mpaka nikiinua daftari naona dirisha ng'ambo yake.

Saa kumi na nusu wanafunga.
Nje, Barabara ya Moi, muuza soksi anapigia kelele bei,
nami nimesimama ukutani nikimpigia mama.
"Mama, mama yake bibi aliitwa nani?"
Kimya. Nasikia sufuria, nasikia kuku akifukuzwa.
"Mbona? Fomu ya mkopo inauliza?"
"Hapana. Mimi nauliza."
"Huyo," anasema, "huyo sisi tulimwita tu Kukuu,
lakini jina lake hasa, ngoja, lilikuwa..."
Analitaja. Honi inalimeza.

Rudia, namwambia. Rudia.
Mfukoni napapasa, natoa penseli ya serikali
niliyosahau kuirudisha,
naandika kiganjani, na jasho,
na risasi yake haishiki.