Nani Aliyemnyoa

Khabari ilitukuta kwa kinyozi, Mabela,
nyuma ya sheli, baina ya dobi na duka la matairi,
saa mbili ya asubuhi, na joto limeshakaa kitini
kabla yetu.

Mimi wa tatu kwenye foleni.
Juu ya kioo, televisheni bila sauti:
mzee mmoja, koti jeusi, mikono nyuma,
na kamba nene kama ya ng'ombe wa Idi.
Wakakata hapo. Wakarudia. Wakakata. Wakarudia.

"Ongeza sauti!" Humoud huyo,
mstaafu wa bandarini, povu nusu ya uso.
"Alhamdulillahi. Nchi nzima aliigeuza chumba cha kungojea."
Akaanza kuihesabu miaka kwa vidole,
thalathini na moja, vidole vikamwishia,
akaazima vya jirani.

Jirani, Muhenna, akauvuta mkono wake.
"Mzee wa miaka sabini hanyongwi mbele ya watu.
Mfungeni. Msahauni. Lakini hivi..."
Akanyamaza. Miaka ile, anajua kila mtu,
malori yake ya tende yalivuka mpaka wa yule bwana
bila turubali kufunuliwa.

Kijana wa dobi kaingia mbio, simu mkononi,
anayo kamili, isiyokatwa, na sauti yake:
"Tazama, tazama miguu."
Watu wanne wakainama.
Mmoja akacheka kile kicheko cha mtu
aliyejikwaa barabarani.
Mmoja akaanza Fatiha, akaishia katikati;
hakujua anamsomea nani.

Na mimi? Niseme kweli.
Nilitazama. Nikatazama tena.
Nikaikumbuka redio ya baba, Unguja, betri zimefungwa kwa mpira,
sauti ikitaja majina, na mama anafunga madirisha
moja moja, mchana kweupe.
Nilikuwa mtoto. Nilidhani inakuja mvua.

Zamu yangu ikafika.
Ghazwan akanifunga kitambaa shingoni.
"Kinabana?" Akakilegeza kidogo.
Anatoka huko huko, Ghazwan; sote tunajua,
na tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza,
kama mgonjwa anavyojadiliwa
na jamaa waliomzunguka kitandani.

Wembe ukapanda kutoka kooni.
Ndipo aliposema, taratibu, kwa kioo, si kwangu:
"Kanyolewa vizuri.
Tazama hapa, chini ya taya. Mkono wa fundi.
Tena leo leo, alfajiri.
Sasa nani alipelekwa? Alimwambia nini?
'Inamisha kichwa, bwana'?"
Akaufuta wembe.
"Ndugu yangu, Bahjat, walituletea ndani ya gunia,
na risiti: bei ya kamba, bei ya gari.
Mama alilipa. Akasimama pale pale kudai chenji yake.
Ndevu zake zilikuwa mpaka hapa."
Akanigusa kifuani.

Povu likanikauka shavuni.
Nilitaka kumpa neno, hata lile la msibani,
Mungu akupeni subira; lakini subira ya nini,
na msiba ni upi?
Nikauliza: "Umefurahi, lakini?"

"Wewe," akasema, "ukilipwa deni la pesa za dawa,
na mgonjwa umeshamzika, utazikataa?
Utazipokea. Utazihesabu."

Humoud alikwisha kwenda kununua halwa ya kugawa.
Muhenna kaondoka bila kuaga,
kofia yake ingali inaning'inia msumarini.
Kijana wa dobi bado yuko mlangoni,
simu kainyanyua juu, anatafuta mtandao.

Ghazwan akachukua rimoti, akabonyeza mara mbili.
Ngamia wa mashindano, wengi, ndani ya vumbi,
roboti ndogo migongoni zikiwachapa.
Tukawatazama kidogo.
Kisha akanishika kidevu, akakigeuza kwenye taa.
"Masharubu," akasema, "tuyaache hivi hivi?"