Alhamisi za Kiyungi

Nilishika kalamu ya lango miaka kumi na tisa.
Gereza letu la Tabora lilikuwa na mlango mmoja,
lakini daftari langu lilikuwa na kurasa mbili:
kushoto mahabusu, kulia wafungwa.
Kushoto wanaongoja kuambiwa.
Kulia wamekwisha kuambiwa.
Sheria inasema walale mbalimbali;
sheria haijaviona vyumba vyetu.
Usiku, ubavu kwa ubavu sakafuni,
mmoja akitaka kugeuka
lazima safu nzima igeuke,
mwenye hukumu na asiye nayo.

Kiyungi aliingia kushoto, mwezi wa Juni,
vidole vyake bado vinanata.
Madebe matatu ya asali, ilisema karatasi,
mali ya Mwalimu Lugembe.
"Mizinga ni yangu," alisema. "Aliichonga baba.
Nyuki wananijua."
Nikamwambia, hayo kamwambie hakimu.
Sikuandika. Daftari halina nafasi ya nyuki.

Dhamana ilikuwa wazi,
wazi kama dirisha la juu:
wadhamini wawili,
mmoja awe mtumishi wa serikali.
Kule porini nyuma ya Igalula
mtumishi wa serikali ni mmoja tu,
Mwalimu Lugembe.

Basi kila Alhamisi ya pili
karandinga lilimpeleka, karandinga likamrudisha.
Upelelezi haujakamilika.
Mpelelezi yuko likizo.
Jalada liko kwa mwanasheria.
Hakimu amehamishiwa Nzega.
Upelelezi haujakamilika.
Nililijua jibu kabla hajafungua mdomo:
alishuka akitanguliza mguu wa kushoto,
kama mtu anayeingia chooni.

Upande wa kulia alikuwako Shigela,
mwenye sare ya rangi ya chungwa, miaka saba, na msumeno.
Alipasua mninga, akaunda madawati ya shule,
na kwenye ukuta wa karakana aliandika kwa chaki
siku yake ya kutoka: tarehe tatu Machi.
Kila asubuhi aliigusa
kama mtu agusavyo shavu la mtoto aliyelala.
Kiyungi husimama mbali kidogo, akiitazama ile chaki.
Mahabusu halazimishwi kazi; sheria inamheshimu,
inamwacha akae ahesabu mabati.

Siku moja akaniuliza, kwa adabu zote,
"Afande Nyamizi, hukumu inaombwa wapi?"

Sikucheka.
Mwaka wake wa kwanza ningecheka.

Treni ya kwenda Dar ikipiga honi stesheni
huinua kichwa. Inapita kwao.
"Ile," husema, "hata ichelewe siku mbili,
wanajua inakuja."

Mitundu ikachanua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Kalunde, mkewe, alileta ugali na kisamvu cha karanga,
kisha akaleta ugali,
kisha akaleta salamu,
kisha salamu zikaletwa na mtu mwingine.
Shati alilokamatwa nalo lilikuwa la samawati.
Kwenye ukaguzi wa Desemba niliandika: shati, jeupe.

Alhamisi ya mwisho alitanguliza mguu wa kulia.
"Nimekiri," alisema. "Nimewaambia nimeiba."
Kapewa miezi minne.
Minne!
Akaishika meza yangu kwa mikono miwili:
"Andika tarehe, afande. Iandike kubwa."

Nikapiga mstari kushoto, nikamhamishia kulia.
Siku mia tisa na arobaini zikabaki katikati,
hazina safu, hazina sahihi.
Nimestaafu sasa, nalima karanga Kiloleni,
na bado sijui niziandike wapi.
Mchuuzi wa asali akipiga hodi
namuuliza mizinga ni ya nani
mpaka anakasirika, anakwenda zake.

Jioni ile Kiyungi alivaa chungwa
akaikung'uta mikono ya sare, akajitazama kifua,
kama aliyeshonewa nguo ya Idi.
Kisha akaenda karakana.
Shigela hakumuuliza neno.
Aliivunja chaki yake vipande viwili,
akampa kile kirefu.