Jiwe la Sitini na Moja

Ufunguo Arshaluys aliuleta mfukoni mwa aproni,
mzito kama nyundo, unanuka vitunguu.
"Inama," akaniambia. "Mlango huu haumjui bwana mkubwa."
Nikainama. Hata hivyo nikagonga kipaji cha uso.

Ndani, baridi ya karne nane.
Kuba lina tundu moja tu, juu kabisa,
na mwanga unashuka humo kama maziwa
yamiminwayo na mtu mwenye ndoo moja.
Yeye akashika ncha ya utepe wangu wa kupimia,
nami nikarudi kinyumenyume hadi ukutani:
mita tisa na shubiri.
"Andika kumi," akasema. "Hawakuwa wachoyo."

Mawe yana rangi ya aprikoti iliyokaushwa.
Kila mwashi ameacha alama yake: mwezi, uma,
mguu wa ndege,
asije akapunjwa ujira jioni.
Nje, misalaba ya mawe imesimama katika nyasi ndefu,
imechongwa nyuzi zikapishana kama ukili,
mpaka kidole kikizifuata kinapotea njia.

Ardhi ilipotetemeka, Sedrak mhunzi, baba yake,
aliyaokota yaliyoanguka, akayaandika namba kwa makaa,
moja hadi mia na kumi na mbili.
Vipupwe viwili. Punda mmoja.
Namba bado zasomeka ukiinua taa:
hamsini na tisa, sitini,
kiraka cha saruji,
sitini na mbili.

Nikauliza. Akafuta sinia la mishumaa
lisilokuwa na vumbi.
Kisha akanishika mkono, tukateremka,
tukampita mbwa, tukapita mizinga ya nyuki,
hadi nyumba ya zamani, sasa banda la kuku.
Kizingitini, jiwe. Juu yake nusu ya msalaba,
imelainishwa na nyayo kama sabuni.

"Aliliiba mwenyewe," akasema. "Mama alikuwa na mimba yangu,
theluji inayeyuka, mlango mzima matope.
Baba alisema: Mungu ana mawe mia na kumi na moja,
Siranush ana miguu miwili."

Jogoo akapanda juu ya jiwe, akajikung'uta.
Nikautoa utepe. Nikaurudisha mfukoni.

Kwenye mchoro wangu, pale penye kiraka,
nimeandika kwa penseli, herufi ndogo:
*lipo. Linatumika.*