Kuoza Kitako

Nje, hapa Närpes, theluji imefika kwenye vioo.
Ndani taa zinawaka usiku kucha
na nyanya za Solveig, miezi minne bila Solveig,
zinaoza vitako.

Kwanza doa la majimaji. Kisha kahawia.
Kisha jeusi, limebonyea, kavu kama soli ya kiatu.
Nikasema ni ukungu, nikapulizia dawa.
Nikasema ni virusi, nikang'oa mistari miwili,
nikaichoma, nikaosha mikasi kwa spiriti
kama daktari aliyechelewa.

Fikreta wa banda la jirani akaja na mabuti yake ya mpira.
Tunda hakulitazama.
Alichomeka kidole udongoni hadi pingili ya pili,
akakinusa, akasogea mche mwingine, akachomeka tena.

"Jumatatu uliifurikisha," akasema,
"ukaisahau hadi Ijumaa.
Chokaa imo humu tele, Börje,
haina maji ya kupandia.
Huu si ugonjwa."

Akafuta kidole kwenye aproni.
Akauona mshipi wangu,
tundu jipya nililolitoboa kwa msumari.
"Na wewe, umekula lini?"

Sikukumbuka.

Yaliyooza hayaponi. Tuliyachuma, ndoo tatu.
Nimeitega saa ya matone: kidogo alfajiri,
kidogo saa nne, kidogo adhuhuri, kidogo alasiri,
kila siku, hata Jumapili.
Ikilia ile ya adhuhuri nakata mkate,
nautafuna nimesimama kati ya mistari,
huku nimeinama, nachungulia vitunda vichanga kwa chini,
kimoja kimoja.
Bado kijani.