Kumbukumbu za Kikao, Mtaa wa Los Notros

Tarehe kumi na nne Juni, saa moja na nusu jioni.
Waliohudhuria: thelathini na tisa,
na mbwa wa Nolberto, ambaye kila mwaka
huingia bila kusajiliwa.
Akidi imetimia. Mvua nayo imetimia:
hapa Valdivia Juni haina siku kavu ya kuazimwa,
na bati la ukumbi linaandika kila tone
kama karani asiyejua kufupisha.

Karani ni mimi. Nafupisha.

Ajenda ya kwanza: lami.
Mhandisi wa manispaa ametandaza ramani,
pembe zake kazibana kwa vikombe vyetu vya chai.
Nyumba zetu ni visanduku vya kijivu.
Banda la kuku la Hermosina halimo.
Mtufaha wake, alioupanda baba mkwe
mwaka uliofuata tetemeko,
nao haumo, ila mstari mwekundu
unapita juu yake bila kupiga hodi.
Mita mbili na robo kila upande, asema mhandisi,
kwa sauti ya fundi anayepima
kitambaa cha mtu mwingine.

Akasimama Lautaro Huenchumil, viatu vimejaa tope.
Gari la wagonjwa hukomea dukani kwa Fresia, alisema.
Kutoka hapo tunambeba mama
juu ya kiti cha jikoni, watu wanne,
mara tatu kwa wiki, kwenda kusafishwa damu,
na yeye ndiye anayetushikia mwavuli.
Akaketi.
Kwa muda, hata jiko la kuni lilinyamaza.

Akasimama Nolberto.
Mimi mpangaji, alisema.
Barabara ikinyooka,
mwenye nyumba naye atanyoosha mkono.
Leo zinakwenda mita mbili za ua,
mwakani nakwenda mimi na masanduku yangu,
na juu ya lami hiyo atapita mtu
asiyejua kwamba hapa palikuwa na shimo
tulilolipa jina.
(Kweli lina jina. Tunaliita Meya.)

Watu wakacheka, halafu wakagombana:
mtaro, taa, vumbi la Januari,
nani alikula fedha za uzio mwaka ule.
Nimeandika: majadiliano yalikuwa ya kina.

Nimeandika: Bi Hermosina hakuchangia.
Sikuandika kwamba alikuwa akikata keki ya tufaha,
na kwamba kipande kikubwa kuliko vyote
alimpa mhandisi,
akasimama pale hadi alipokimaliza.

Kura kwa mikono.
Wanaotaka, kumi na tisa.
Wasiotaka, kumi na tisa.
Nikahesabu upya, nikianzia nyuma,
kana kwamba mikono huzaana ukiiangalia vibaya.
Kumi na tisa, kumi na tisa.
Wa thelathini na tisa ni yule anayehesabu.

Kalamu ilikuwa mkono wa kulia.
Nikaiweka chini.

Kumbukumbu zinasema: azimio limepita kwa kura moja.
Hazisemi ya nani.
Hazisemi Nolberto alivyonitazama,
si kwa hasira, bali kama mtu
anayesoma saa kwenye mkono wa jirani,
wala kwamba nusu saa baadaye, gizani,
pikapu ya Lautaro ilipozama ndani ya Meya,
aliyekuwa nyuma akisukuma, matope hadi kifuani,
akimtukana Lautaro na wazee wake wote,
alikuwa Nolberto.

Mengineyo.
Hermosina alinifuata mlangoni, kofia ya plastiki kichwani.
Mashine zinakuja lini?
Nikasema haijulikani, labda masika, labda mwaka kesho,
bajeti ina mambo yake.
Basi vikonyo vikatwe Julai, alisema,
mti ukiwa bado umelala. Kila anayetaka
aje na kisu chake na kitambaa chenye unyevu,
abebeshe kwenye shina lolote la nyumbani kwake.
Andika hilo.

Nimeliandika. Tarehe kumi Julai, saa nne asubuhi.
Katika kurasa sita za kikao hiki
hiyo ndiyo tarehe pekee
ambayo mtu ameniapia.