Mlima wa Boksi la Sangara

Boksi la minofu, limepasuka pembeni,
Lushinge alipewa bure kiwandani Igogo.
Akalikata kwa waya wa moto, polepole,
mawe yakaanza kutoka, jiwe juu ya jiwe,
kama yale ya Mabatini yanayokataa kuanguka.

Gundi. Mchanga wa Kirumba. Rangi ya kijivu mara tatu,
kisha nyeupe kidogo, kwa brashi kavu, kwenye kingo tu.
Vichaka ni sponji la kuoshea vyombo.
Ziwa ni gundi iliyokauka ikang'aa.

Jumamosi tunapigania mlima huo.
Askari wangu, wafupi kuliko njiti ya kiberiti,
wanapanda; dadu linasema mbili; wanakufa.

Mama yake akaja na chai, akainama,
akahesabu mabati kwa kidole:
"Hapa kwa kina Nyanzobe. Hapa sisi.
Na choo umekiweka wapi?"

Vita vikasimama.
Lushinge akakata ganda la kiberiti,
akalibandika nyuma ya nyumba,
mlango ukitazama jiwe.

Tangu hapo tumeongeza sheria moja:
hakuna askari kujificha pale.

Mvua ikinyesha,
mlima bado unanuka samaki.