Kabla ya Kutoka, Nkuhungu

Saa kumi na moja alfajiri, bati linanong'ona.
Miezi minane tumekimbia na vumbi;
leo Desemba imekumbuka njia.

Koti la plastiki? Nitachemka ndani yake
kama uji wa uwele.
Fulana ya pamba, sare ya harusi ya Chilongani,
hunywa maji kuliko wageni walivyokunywa siku ile.
Soksi za sufu, laleni.

Nachukua jezi ya mtumba, nyepesi kama makapi ya mtama,
namba saba imebanduka nusu mgongoni.
Kofia yenye ukingo, macho yaone.

Dirishani, Mama Ndahani: "Unaikimbia mvua?"
"Naikimbilia."

Kona ya kwanza, tope jekundu
limenivua raba ya kushoto.